Mganda Nao Ni Rimiksi, Tuacheni Unafiki

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikwenda nyumbani Mbinga kumsalimia mama, kula vya shambani na kuvuta ile hewa ya baridi ambayo Dar hatuipati hata kwa kununua. Nimerudi na hasira. Leo siandiki siasa, naandika muziki, ingawa mkivumilia hadi mwisho mtaona siasa imo humo humo.

Kisa chenyewe ni hiki. Ijumaa moja niliingia ukumbi mmoja wa starehe pale mjini. Sitautaja. Ulikuwa msimu wa kahawa, na anayeijua Mbinga anajua: mkulima akishalipwa, mji haulali. Mlangoni kulikuwa na bango kubwa la DJ kutoka Dar. Ndani ilikuwa amapiano mwanzo mwisho, besi inagonga mpaka bia inatetemeka mezani.

Msinielewe vibaya, nilicheza. Nilicheza hadi shati likalowa. Amapiano ni mtoto wa house, na house ni ugonjwa wangu tangu nipo chuo. Scorpion Kings, yaani Kabza De Small na DJ Maphorisa, nawasikiliza tangu walipoungana 2019. Mapara A Jazz, wale wawili waliotikisa mwaka 2020 kwa "John Vuli Gate", ninao kwenye simu. Diamond alipowaita hao hao Mapara A Jazz, pamoja na Focalistic na Ntosh Gazi, kwenye "Iyo" mwaka 2021, nilishangilia kama mpira umeingia wavuni.

Balaa lilianza saa saba usiku. DJ wa Dar akapumzika, akapanda kijana wa pale pale Mbinga. Jamani, kijana ana mikono! Anaunganisha nyimbo mbili huoni mshono. Alipomaliza nikamfuata, nikamuuliza: kaka, huna kitu chochote chenye mganda ndani yake? Hata kipande kidogo?

Akanicheka. "Mganda ni wa kupokelea viongozi, kaka. Hapa tunaburudika."

Nikamuuliza analipwa shilingi ngapi. Akacheka tena, akanyanyua chupa ya soda aliyoshika. Yule wa Dar alikuwa amelipwa nauli, chumba na posho.

Nimeibeba sentensi ile ya kijana hadi Dar. Mganda ni wa kupokelea viongozi. Nani alimfundisha hivyo? Sisi. Mimi na wewe msomaji, na maofisa wetu, na wazee wetu, na walimu wetu waliotupanga mstari shuleni kumsubiri mgeni rasmi juani.

Kwa ambao hamjawahi kufika kwetu, niwaeleze. Ukitoka Mbinga mjini, barabara inashuka kama kilomita 67 za lami hadi Mbamba Bay, ziwani. Huko, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli na Lituhi, wanaume wanacheza mganda. Wanavaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi, wanajipanga mistari kama askari, kuna kiongozi na filimbi yake, kuna ngoma kubwa, na kuna malipenga, vibuyu vinavyopulizwa kwa sauti ya mtu hadi vinalia kama tarumbeta. Kina mama wana kioda yao. Huku juu milimani Wamatengo wana lindeku yao. Ng'ambo ya ziwa, Malawi, watu wanacheza hivyo hivyo, na kule jina malipenga ndilo limekuwa jina la ngoma nzima.

Sasa swali: mganda umetoka wapi? Mtu akikujibu "enzi na enzi za mababu", mwambie akasome. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima mwaka 1975 juu ya beni na ndugu zake, na mganda umo. Umetokana na bendi za jeshi. Vita Kuu ya Kwanza kwenye ziwa letu ilianzia hapo hapo Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliifyatulia mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa nchi kavu inatengenezwa. Vijana wa ukanda huu wakabebeshwa mizigo na bunduki katika vita visivyo vyao. Waliorudi walirudi na kitu masikioni: bendi ya askari, gwaride, tarumbeta za shaba.

Tarumbeta za shaba hawakuwa nazo. Vibuyu walikuwa navyo. Wakachukua mdundo wa mkoloni, wakaukata, wakauweka juu ya ngoma yao, wakavaa sare zao, wakapeana vyeo vyao.

Ndugu zangu, hiyo inaitwaje kwa lugha ya klabu? Hiyo ni rimiksi! Babu zetu walifanya rimiksi bila umeme.

Linganisha na house yenyewe. Miaka ya mwanzo ya 1980, katika klabu ya Warehouse kule Chicago, Frankie Knuckles alikuwa akichukua santuri za disko ambazo wakubwa walishasema zimekufa, akarefusha vipande, akaongeza midundo ya mashine. Vijana Weusi waliokuwa wakifukuzwa kwingine wakapata pa kuchezea. Afrika Kusini wakaichukua house miaka ya 1990, wakaipunguza mwendo, ikawa kwaito. Baadaye vitongoji vya Gauteng vikaipika upya, ikawa amapiano. Kila kizazi kimechukua cha jirani na kukitia chumvi yake. House ni mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mdundo usiokatika. Na mganda je? Mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Hizi ni ngoma mbili za watu wanaotembea.

Kwa hiyo nina ugomvi na makundi mawili.

Kundi la kwanza ni wale wanaolia kwamba klabu inaua utamaduni. Wengi wao ni wasomi wenzangu wa mjini, waliomwona mganda mara ya mwisho kwenye kalenda. Wanataka ngoma ikae kabatini isije ikachafuka. Septemba 2024 Tamasha la Kitaifa la Utamaduni lilifanyika Songea, mkoani kwetu, na Rais Samia akafika Uwanja wa Majimaji. Jambo zuri, sipingi. Lakini tamasha ni la siku nne, mwaka una siku 365. Ngoma inayosubiri mgeni rasmi ndipo ipigwe ni ngoma iliyostaafishwa. Na wanaosema kuichanganya ni kuinajisi wakumbuke kwamba beni nayo ilitiliwa shaka na wakoloni na wamisheni ilipokuwa changa. Leo kilichoitwa fujo za vijana tunakiita urithi.

Kundi la pili ni ma-DJ, maprodyuza na mapromota wetu. Ninyi ndio mnaniuma zaidi, maana nawapenda. Mnasema mganda hauna soko. Mmelijaribu lini hilo soko? Nendeni ng'ambo mkaone. Mwaka 2004, Chintheche, wilaya ya Nkhata Bay, yaani fukwe zinazotazamana na zetu, Mwingereza mmoja, Will Jameson, alianzisha tamasha la Lake of Stars. Miongoni mwa waliowahi kupiga kwenye tamasha hilo ni Andy Cato, nusu ya Groove Armada, na Felix wa Basement Jaxx. Hao ni watu wa mapacha wawili maarufu kabisa wa house kule Uingereza. Walikuja kwenye ziwa LETU. Kwa wenzetu linaitwa Ziwa Malawi, sawa, lakini maji ni yale yale na mganda ni ule ule. Sisi tulikuwa upande huu.

Mtasema mwaka 2004 tungefanyaje, hatukuwa na barabara wala umeme. Nakubali, kisingizio hicho kilikuwa halali. Lakini laini ya umeme ya Makambako hadi Songea ilizinduliwa 2019. Meli ya Mv Mbeya II imeanza safari ziwani 2021. Lami imefika Mbamba Bay. Ujenzi wa bandari mpya pale ulianza 2024. Visingizio vimekwisha, kimebaki kutoamini cha kwetu.

Na msipokifanya ninyi kitafanywa na wengine. Mwaka 2016 lebo ya Beating Heart ya Uingereza ilitoa albamu ambayo maprodyuza wa muziki wa klabu walizifanyia rimiksi rekodi za asili za Malawi, zile zilizorekodiwa na Hugh Tracey miongo mingi nyuma na kuhifadhiwa Afrika Kusini. Walau wale walitaja zilikotoka, na sehemu ya fedha ikarudishwa Malawi kwenye bustani za chakula. Wangapi hawatataja? Wangapi hawatarudisha?

Tazameni singeli pia. Tuliwaita wahuni. Studio ya Sisso iko Mburahati, daladala tu kutoka katikati ya jiji, lakini ni lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, iliyotoa "Sounds of Sisso" mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikatoa "Poaa" ya Bamba Pana. Yeye na Makaveli, mmoja kwenye mashine na mwingine kwenye kipaza sauti, wakapanda majukwaa ya Ulaya, Wazungu wakaruka kwa mwendo wa midundo zaidi ya 200 kwa dakika. Ndipo baadhi yetu tukaanza kusema "singeli yetu". Yetu! Tulikuwa wapi?

Sasa nisije nikaeleweka kwamba nasema kila mwenye laptopu akimbilie Liuli na kinasa sauti. Hapo ndipo penye siasa niliyowaahidi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayohusu sanaa za jadi: anayetaka kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake anatakiwa kupata kibali. Vizuri. Lakini kibali hicho ni cha mamlaka ya taifa. Kiongozi wa kikundi mwenye filimbi yake, aliyekaa kijijini miaka 30 akiwafundisha vijana hatua, hayumo kwenye meza hiyo. Ukiifuata sheria peke yake unaweza kumaliza kila kitu kihalali na mzee asipate hata nauli ya kwenda Mbinga.

Kwa hiyo mimi nataka zaidi ya sheria, na si mambo makubwa.

Moja: ukimrekodi mtu, mwandikiane. Karatasi moja ya Kiswahili, nakala abaki nayo, na mgawo utajwe kwa asilimia, si kwa "tutaonana".

Mbili: jina la kikundi na la kijiji liwe kwenye jina la wimbo, mbele, kama "ft." wanayowekewa mastaa. Kama Ntosh Gazi anatajwa, kikundi cha Liuli kitajwe.

Tatu: mapromota, wekeni saa moja tu usiku wa Ijumaa kwa DJ wa nyumbani, na mumlipe fedha. Soda si mshahara.

Nne, na hii ni ya wazee wetu, nawashikia miguu: mkubali kwamba kijana akiiweka ngoma yenu kwenye spika hajawatukana. Amefanya walichofanya baba zenu na vibuyu.

Kabla sijaondoka niliteremka Mbamba Bay Jumapili. Jioni kikundi kilikuwa kinafanya mazoezi karibu na ufuko. Pembeni vijana wawili wamekaa juu ya mtumbwi, simu yao inapiga amapiano kwa sauti ndogo. Ngoma kubwa ya mganda ilipoanza, sikuona mmoja wao akizima simu. Niliona mguu wake ukibadilisha mdundo. Simu inasema hivi, mguu unasema vile, na kijana mwenyewe wala hajui kama kuna ugomvi.

Nilimsalimia mzee mwenye filimbi, shikamoo baba. Akaitikia, akauliza nimekuja na kiongozi gani.

Nikamwambia sijaja na kiongozi yeyote, nimekuja kusikiliza. Akanitazama kidogo, akapuliza filimbi, mistari ikaanza upya kuanzia mwanzo.

Yule DJ wa Mbinga nimemtumia ujumbe. Nimemwambia msimu ujao nauli ya kushuka ziwani naitoa mimi, karatasi ya makubaliano naiandika mimi, yeye alete masikio yake. Bado hajajibu. Wenye kunibishia karibuni, ila mje mkiwa mmeshaucheza mganda angalau mara moja.

Alamsiki.