Mchele wa kwenye simu haunukii

MNUNUZI wa mchele anapofika sokoni hahitaji kusomewa tangazo. Anatumbukiza mkono kwenye gunia, anasugua punje kiganjani, ananusa, kisha anatafuna moja mbili. Bei inatajwa baadaye.

Kampuni kubwa duniani sasa zinawalipa wataalamu ili wazitengenezee mbinu kama hiyo. Mwaka 2004, Massimiliano Zampini na Charles Spence wa Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kuwa mtu akitafuna krispi huku mlio wake ukikuzwa masikioni, huziona ni kavu na mpya zaidi, ingawa ni zile zile. Mwaka 2009, Joann Peck na Suzanne Shu walionyesha kuwa kugusa tu bidhaa humfanya mtu aanze kuiona kama yake. Mwaka 2019, Mastercard ilizindua mlio wake maalumu wa kusikika mtu anapolipa.

Wafanyabiashara wa mipakani tunaelekea upande mwingine. Biashara inahamia WhatsApp, na picha inavuka Namanga kwa sekunde, lakini harufu haivuki. Mnunuzi wa Nairobi anayetumiwa picha ya mchele wa Kyela anaona weupe tu. Mzigo ukifika na asiupende, anashusha bei. Lori limeshalipiwa na muuzaji yuko ugenini, hivyo hasara ni yake.

Dawa yake si ghali. Tuma sampuli ya nusu kilo kwa basi, ikiwa imefungwa na kuandikwa namba ya mzigo, na ubaki na nusu nyingine kama ushahidi. Piga video mchana, bila kurembesha rangi, ukimimina nafaka kwenye sinia la bati: mahindi makavu hulia, yenye unyevu hayalii hivyo. Kwa mchele, onyesha ukipikwa hadi uive.

Hata hivyo, hisia zina mpaka wake. Machi 2021, Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, likiwamo la cheti kuthibitisha kuwa sumu hiyo haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sumukuvu haionekani kwa macho, na pua haiwezi kuithibitisha. Mahindi yanaweza kung'aa na kunukia vizuri, yakazuiwa mpakani.

Kwa hiyo, video bila cheti ni nusu ya kazi. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na kipimo cha unyevu ni kifaa ambacho kikundi kinaweza kununua kwa kuchangishana. Mwenye magunia kumi hamudu gharama za maabara peke yake. Wenye magunia kumi kumi wakiunganisha mzigo wa shamba au ghala moja, gharama inagawanyika. Matokeo hayo yakitumwa pamoja na video na sampuli, mnunuzi atakosa sababu ya kushusha bei lori likiwa tayari mlangoni kwake.