Tableti Si Mbovu, Ni Fimuwea Inadanganya: Wasee wa Voi, Tudai Funguo

Cheki hii. Umeokota tableti ya mtumba hapo Voi, bei ya kutupa. Unatoa Windows unaweka Linux, juu ni ya bure. Ikiwaka, maajabu: unagusa juu, inafungua kitu cha chini. Fundi anakushow, "Kioo imekufa, boss. Nunua ingine."

Zii. Kioo inaweza kuwa fiti kabisa. Shida ni fimuwea, ile programu ya kiwandani inayoamka kwanza na kuambia mfumo vile mashine imeundwa. Kwa tableti za bei ya chini, mara nyingi imekopiwa kutoka modeli ingine na vipimo vya kioo haviko sawa. Mfumo uliokuja nayo ulishapewa marekebisho kichinichini, ndio maana hukuona kitu.

Wasee wa Linux walifanyaje? Fimuwea yenyewe hawawezi kuigusa. So waliweka orodha ndani ya keneli, kwa faili inaitwa touchscreen_dmi.c. Keneli inasoma jina la tableti. Ikilipata kwa orodha, inatumia vipimo vya ukweli na kupuuza vya fimuwea. Hans de Goede wa Uholanzi amepiga kazi noma hapo, lakini modeli mob zimeongezwa na watu wa kawaida waliopima tableti zao. Zingine hata jina halikujazwa kiwandani! Hapo keneli inazitambua kwa tarehe ya BIOS.

Sasa hii inakuhusu aje? Kuanzia 2016, serikali ilipeleka zaidi ya vifaa milioni 1 kwa shule za msingi za umma, na Taita Taveta ilipata mgao wake. Kifaa cha shule kikianza kuzingua miaka ya warranty ikiisha, kuna njia mbili: kabati, ama mtu wa karibu mwenye ujuzi na ruhusa ya kukifungua. Ujuzi si mbali. Taita Taveta University iko papa hapa Voi, na mafundi wa simu wamejaa taoni. Ruhusa ndio kizungumkuti, juu kifaa kikifungwa na kiwanda, hata genius wa Mwatate ama Wundanyi ataangalia tu.

So serikali ikinunua vifaa tena kwa pesa ya ushuru wetu, mkataba useme wazi: leteni tableti pamoja na nywila na maelezo ya fimuwea. Bila hivyo tunalipia kitu ambacho hatuwezi kurekebisha, na mtoto wa class two ndiye anakosa somo. Ama unaonaje?