Ndugu wa Bwera, Twende Mweya

Ndugu zangu wa Bwera, Mpondwe na Kasese yote,

Kila siku magari ya watalii hupita Kikorongo. Wageni hushuka penye alama ya ikweta, wakapiga picha, kisha wakashika njia ya Mweya kupanda boti. Sisi tunawapungia mkono, tunaendelea na safari ya sokoni. Wametoka mbali kuja kutazama maji yaliyo jirani yetu, nasi wengi wetu tunazeeka hatujayaona.

Mweya ni rasi, nusura iwe kisiwa. Ziwa Edward limeikumbatia upande mmoja na mfereji wa Kazinga upande wa pili, ikabaki na ukanda mwembamba tu wa kuishikiza na bara. Mfereji huo haukuchimbwa na mtu. Ni maji ya asili, takriban kilomita 32, yanayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Kutoka gatini boti huambaa na ukingo kwa saa mbili hivi. Utawaona viboko wamejazana majini, nyati wamelala matopeni, ndovu wakishuka kunywa, na mdiria akisimama hewani juu ya maji kabla ya kujitosa kama jiwe. Mbuga ya taifa yenye rasi hii ilitangazwa mwaka 1952, na ina aina zaidi ya 600 za ndege.

Nilipoipanda boti hiyo nilikuwa na jirani yangu, mama anayeuza samaki soko la Mpondwe. Kwa miaka mingi amepanga ngege mezani pake bila kuyaona maji wanakotoka. Tulipofika karibu na kijiji cha wavuvi, pale mfereji unapoingia ziwani, aliona mitumbwi imepandishwa ufukweni na wanaume wakikung'uta nyavu. Akasimama, akawaita kwa Lukonzo: "Wasingya!" Akawashukuru kwa kazi yao. Wakaitikia, mmoja akainua wavu juu. Wageni botini wakageuka wote kututazama. Wamesema nini? Wavu ule unatupwa saa ngapi? Samaki huuzwa wapi? Safari iliyobaki, mama yule ndiye aliyekuwa akijibu nami nikifasiri. Siku hiyo niliuona uenyeji kwa macho yangu.

Ndivyo ilivyo hata Unguja: meli kubwa za utalii hutia nanga na abiria wakashuka kwa saa chache tu kabla ya kurudi melini. Katika muda huo mfupi, wa kuwafungulia Mji Mkongwe ni mwenyeji, kwa kuwa amekulia katika vichochoro vile na anaijua milango ile ya kuchongwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji atapona kwa lipi, ikiwa hakijui kilichomleta mgeni?

Kuna sababu nyingine ya kwenda. Kwa sheria ya Uganda, asilimia 20 ya kiingilio kinacholipwa langoni hurudi kwa jamii zinazopakana na mbuga. Fedha hiyo ni yetu, na anayeifahamu mbuga ndiye atakayeuliza kwa ujasiri imejenga nini. Tena mtoto aliyemwona kiboko akimkinga ndama wake hatakuwa mwepesi kuwinda kwa siri, wala kutupa chupa za plastiki mtoni.

Najua mwaka 2023 ulitujeruhi. Mwezi Juni shule iliyo kwetu Mpondwe ilishambuliwa, na Oktoba wageni wawili na mwongozaji wao Mganda wakauawa mbugani. Msiba huo hatutausahau. Tukienda, tuwasikilize askari wa wanyamapori na tupite njia wanazotuelekeza. Lakini tusiiache hofu itunyang'anye ardhi yetu wenyewe.

Basi nawaomba. Vikundi vya akiba, wekeni kando kidogo kila mkutano kwa ajili ya safari moja ya pamoja. Walimu, ulizieni mapema utaratibu wa ziara za shule. Wazazi, wakati wa likizo jazaneni kwenye matatu moja mgawane nauli. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho chako, na ukumbuke kwamba tiketi ya boti hulipiwa kando. Fungeni bundu na samaki wa njiani. Wakati wa kurudi, piteni Katwe mkatazame chumvi ikivunwa ziwani, chumvi ile ile tunayoipimia vikombe sokoni.

Na wale wenye wazee nyumbani, waleteni. Mpeni bibi kiti cha ukingoni. Huenda akaona mtumbwi, akaita kwa Lukonzo, na kutoka ufukweni akajibiwa.