Sahani za Maua Zitoke Kabatini

Hapa Ngerengere zipo nyumba ambazo kabati la vyombo halifunguliwi ila kwa kufutwa vumbi. Ndani yake zimepangwa sahani ndogo za saladi, za maua, nyembamba, za kauri ya mfupa, hazijaguswa tangu siku ya harusi. Ukiuliza sababu, majibu ni yale yale, na karibu yote hayana msingi.

“Zinavunjika upesi.” Hili ndilo linalosemwa zaidi, na ndilo potofu kuliko yote. Tumezoea kupima uimara kwa uzito. Kauri hii, aliyoikamilisha Josiah Spode huko Stoke, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 18, karibu nusu yake ni majivu ya mifupa ya ng'ombe. Iliyobaki ni udongo mweupe na mawe yaliyosagwa. Huchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,200 za Selsiasi mpaka vyote vishikane vikawa kitu kimoja. Ndiyo maana huwa nyembamba bila kuwa dhaifu. Inyanyue moja dirishani, weka vidole nyuma yake: utaviona vivuli vyake. Na ukingo wake haumeguki ovyo kama wa ile sahani nene ya udongo tunayoiamini, ambayo ikishameguka hunywa maji na kushika harufu.

Kinachoziharibu ni mikono yetu. Tunazisugua kwa mchanga, majivu na waya, kisha tunazibebanisha bila kitambaa katikati, kitako cha moja kikikwaruza maua ya nyingine. Sifongo laini na sabuni vinatosha. Yenye ukingo wa dhahabu isiingizwe kwenye maikrowevu.

“Mifupa si safi.” Mifupa hiyo huunguzwa kwanza, kwa joto la nyuzi 1,000 hivi, hata pasibaki nyama, damu wala mafuta. Anayetaka kujua kuhusu uhalali amuulize shehe wake. Hilo ni suala la dini, tusilichanganye na usafi.

“Rangi zake zina sumu.” Hapa pana ukweli. Zamani risasi ilitumika sana katika rangi na katika ule mng'ao wa juu, na limau au siki huweza kuitoa. Sahani ya kale ambayo maua yake yamechujuka au yanakwaruza kidole, iache iwe pambo. Viwanda vingi vinavyoheshimika leo havitumii risasi, kwa hiyo geuza sahani usome muhuri wa kiwanda kabla ya kununua, hasa ukinunua vyombo vya mtumba.

“Ni mambo ya Wazungu, sisi hatuli saladi.” Kachumbari ni nini basi? Sahani ya saladi ina upana wa sentimita 20 hivi, saizi hasa ya nyanya, tango na kitunguu kabla ya pilau. Mgeta, kule juu Uluguru, inalima karoti na kabichi zinazolisha Morogoro na Dar es Salaam. Na kauri ya maua si ngeni kwetu: makaburi ya Kunduchi ya karne ya 18 yalipambwa kwa vyombo vya China, na nyumba za mawe za Lamu zina vidaka vya kupangia kauri.

Mama, Jumapili hii fungua kabati. Zioshe, zifute, upakue kachumbari, na wa kwanza kupewa wawe watoto wako, kabla hajaja mgeni yeyote.