Mchuzi wa Bizari Usiohitaji Malai

Tangu shughuli za migodi zilipoiletea Kolwezi jamii za watu wa kila asili, Wahindi wakiwa miongoni mwao, mchuzi wa bizari umezoeleka katika nyumba nyingi za mji huu, na pamoja nao imeingia itikadi ya kwamba mchuzi huo hauwi mzito wala laini ila kwa malai ya pakiti, ambayo aghalabu hutufikia kwa malori kupitia Kasumbalesa, na bei yake hupanda kila foleni ya mpakani inaporefuka. Rai yangu ni kwamba itikadi hiyo haina msingi, na kwamba inatugharimu fedha na afya kwa pamoja.

Jumapili moja nilikuwa barazani kwa jamaa zangu wa Manika, na mama mwenye nyumba alikuwa akipika kuku wa bizari kwa wageni sita. Binti yake, noti mkononi, tayari kukimbilia dukani, akamwuliza, "Mama, nilete krimu ngapi?" Mama hakumjibu upesi; alitwaa konzi ya karanga zilizokwisha kukaangwa, akazisugua viganjani na kuyapuliza maganda, akazitwanga kinuni hata zikaacha kuwa unga, zikatoa mafuta na kung'aa, akazikoroga kwa maji ya vuguvugu na kuzimimina sufuriani, ndipo akasema, "Mwanangu, rudisha pesa ya baba yako." Mchuzi ule ukageuka kutoka wekundu wa nyanya kuwa rangi ya udongo wa kiangazi, ukashikamana na nyama, na hakuna mgeni aliyeuliza malai yako wapi.

Tulitie jambo hili katika hesabu. Malai mazito yana mafuta yapatayo gramu 36 katika kila gramu 100, na zaidi ya nusu yake ni mafuta ya jamii ile inayoganda, ambayo huzidisha kolesteroli mbaya katika damu, na ambayo Shirika la Afya Duniani linausia yasizidi asilimia 10 ya nguvu tuipatayo katika chakula cha siku. Basi pakiti ya robo lita hutia chunguni gramu 90 hivi za mafuta. Gramu 50 za karanga zina mafuta gramu 25 tu, mengi yake si ya kuganda, na juu ya hayo zina protini gramu 12 au 13.

Ndugu zetu wa pwani watatuelekeza kwenye tui, nami nakiri utamu wake. Lakini mnazi haustawi katika nyanda zetu zilizo zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na mafuta ya nazi ni ya kuganda kupita hata ya malai. Kwa yule ambaye karanga humdhuru, afadhali mtindi, kwa sharti upigwe kwanza na kijiko cha unga, sufuria iepuliwe motoni, na mchuzi wa moto utiwe katika mtindi kidogo kidogo kabla ya kuvichanganya vyote, la sivyo utakatika.

Wala karanga si mgeni kwetu. Sombe ngapi zimepikwa nazo! Wabemba wa Zambia wana ifisashi yao, mboga ya majani kwa karanga, na katika posho ya wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière, kabla ya zama za Gécamines, zilikuwamo pamoja na unga wa mahindi na mafuta ya mawese.

Lakini zina adui, nalo ni kuvu liotalo zinapohifadhiwa mahali penye unyevu, likaacha sumu inayodhuru ini, ambayo kukaanga hakuiondoi yote. Mama yule wa Manika, kabla ya kuzikaanga, alikuwa amezimwaga katika ungo akazichambua moja moja, na zile zilizosinyaa au kufanya ukijani akazitupa shimoni, asiwape hata kuku wa uani.