Mtafiti si ombaomba: nani analipia sayansi ya kusafisha maji yetu?

Kila ikifika Juni na bajeti ikisomwa Dodoma, sisi vijana wa chama tunakimbilia mambo matatu: ajira, mikopo ya wanafunzi na bei ya mafuta. Ni sawa, yanatuuma. Ila leo naomba tuongelee kitu ambacho hakuna anayekipigia kelele kwenye makundi yetu ya WhatsApp: watafiti wa shahada ya uzamivu wanaotengeneza malighafi za nano. Najua, mmeshaanza kupiga miayo. Vumilieni kidogo, maana habari hii inahusu maji mnayokunywa na madini yanayopita kwenye malori kwenda bandarini.

Mimi nasoma sheria, kemia niliiacha kidato cha nne. Lakini jambo lenyewe linaelezeka. Nanomita moja ni mita moja ukiigawa kwa bilioni moja. Unywele wako una upana wa nanomita kama 80,000 hadi 100,000. Sasa chukua kitu chenye umbo la dadu, sentimita moja kila upande. Eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6 tu. Kikate kiwe vidadu vya nanomita moja moja, uyajumlishe maeneo yao: unapata mita za mraba 6,000, karibu na uwanja mzima wa mpira. Kitu ni kilekile na uzito ni uleule, ila nafasi ya kunasa uchafu imeongezeka ajabu. Ndiyo maana watu wanakesha maabara na vitu visivyoonekana kwa macho. Wanatafuta chujio dogo la bei nafuu lifanye kazi ya mtambo mkubwa.

Twende Arumeru, nyumbani kwetu. Maji mengi ya visima na chemchemi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya kwetu yanakipita mbali. Matokeo yake ni meno ya kahawia, na kwa walioathirika zaidi, mifupa iliyopinda. Sekondari, wasichana tulikuwa tunacheka tumeziba mdomo kwa kiganja. Ukienda mjini watu wanadhani hupigi mswaki. Na kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale na kukolea zaidi.

Wataalamu wetu hawajalala. Kituo cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unanasa floraidi. Lakini mkaa huo huchoka na lazima ubadilishwe, na wapo wasiotaka kabisa kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa. Hapo ndipo nano inapoingia. Tengeru, wilaya hiyohiyo, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mhadhiri wake, Dk. Askwar Hilonga, alisomea uzamivu wake Korea Kusini, akarudi, akatengeneza chujio linalounganisha mchanga na malighafi za nano, na linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Yeye ndiye mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo tangu ianzishwe.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Ila tujiulize: mafunzo Korea, tuzo Uingereza. Sisi wenyewe tuliweka nini mezani? Tuwe wakweli, serikali ilianzisha taasisi na inalipa mishahara. Hata ufadhili wa Samia kwa wanafunzi wa sayansi, ulioanza 2022/23, sifa wapewe. Lakini ulianzia shahada ya kwanza. Kituo cha maji na nishati pale Tengeru kimeendeshwa kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia, yaani mkopo ambao mimi na wewe tutaulipa. Mradi ukifika mwisho, mwanafunzi aliyebaki na mwaka mmoja wa utafiti anaenda wapi?

Halafu kuna suala la mashine. Ukishatengeneza malighafi ya nano, lazima uione, na kuiona unahitaji hadubini ya elektroni na vifaa vingine vya gharama kubwa. Mara nyingi sampuli inafungwa na kutumwa nje, kwa rafiki wa profesa. Mtafiti anasubiri. Na mwenye mashine ana sauti: sauti kwenye maswali ya utafiti, sauti kwenye majina ya waandishi, na ikibidi sauti kwenye hataza. Hapa ndipo mwanasheria mtarajiwa ninapopata jasho. Hataza inalinda uvumbuzi pale tu ilipotolewa, na sehemu nyingi duniani ukishautangaza uvumbuzi kabla ya kuomba, umejifungia mlango mwenyewe. Mwanafunzi anayekimbizana na kuchapisha makala ili amalize shahada, bila mtu wa kumshauri, anaweza kuugawa bure uvumbuzi wa maisha yake.

Tuhamie kwenye madini ya kinywe. Tunayo Mahenge, tunayo Ruangwa, tunayo hata Mererani kwenye miamba ileile ya tanzanaiti. Kinywe ndicho kinachotengeneza upande hasi wa betri za lithiamu, kwenye simu yako na kwenye magari ya umeme. Kinachotoka mgodini baada ya kuchenjuliwa kina kaboni kama asilimia 95. Betri inataka 99.95. Pengo hilo dogo ndilo lenye hela, na kazi ya kuliziba inafanyika kwa wingi China. Kifungu cha 9 cha sheria ya mwaka 2017 ya mamlaka ya nchi juu ya maliasili kinakataza kusafirisha rasilimali ghafi zikachakatwe nje. Kifungu kizuri sana. Lakini sheria haisafishi kinywe, ndugu zangu. Kinasafishwa na mtu aliyekaa maabara miaka minne akijua anachofanya. Bila watu hao, kifungu cha 9 kitabaki cha kujibia mtihani.

Ibara ya 9 ya Katiba inaitaka serikali ielekeze utajiri wa taifa kwenye kuondoa umaskini, ujinga na maradhi. Floraidi ni maradhi. Ila usikimbilie mahakamani: Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Kwa hiyo mahakama yetu ni jukwaa la siasa na sanduku la kura. Na chama chetu kisiposema, nani aseme?

Ninachopendekeza kiingie kwenye ilani yetu:

Kwanza, asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Mawaziri wa Umoja wa Afrika walihimiza hivyo Khartoum mwaka 2006. Hatujafika. Fedha zipitie COSTECH, na sehemu yake itengwe kwa wanafunzi wa uzamivu.

Pili, maabara moja ya taifa yenye hadubini na mafundi wa kudumu, mtafiti wa chuo chochote aitumie kwa zamu.

Tatu, dawati la hataza kila chuo kikuu, na wanafunzi wa sheria tujitolee humo.

Nne, kila leseni kubwa ya kinywe ije na sharti la kusomesha watafiti hapa nchini.

Tano, halmashauri zenye floraidi zipime machujio ya wataalamu wetu hadharani, na yakifaulu, zinunue.

Kuna atakayesema: zahanati hazina dawa, wewe unaongelea nano? Namjibu hivi: mtoto wa Arumeru akishaota meno ya kahawia, hakuna dawa ya zahanati itakayoyarudisha. Kinga ni maji. Mradi mkubwa wa maji wa Jiji la Arusha umesaidia mjini, lakini bomba halijafika kila kijiji, na vijijini chujio ndilo linaloweza kufika kesho asubuhi.

Kwa hiyo kwenye kikao kijacho cha tawi, mgombea akisimama na kuahidi viwanda, mwulize swali moja tu: watafiti wangapi wa uzamivu utawalipia, na kwa fedha za nani? Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.