Kumtambua Kunguni wa Maharage

Katika andalio la somo juu ya wadudu, wanachuo wengi huchora mdudu mkubwa ubaoni, humwandikia jina, na darasa zima hunakili. Sisi tunaona kwamba njia hiyo haimfai mtoto wa Daudi, Mbulu, ambaye hupita kati ya mahindi na maharage kila aendapo shule. Mdudu na atafutwe kwanza mahali anapoishi, jina litafuata.

Tuchukue kunguni wa kijani, ambaye kwa kisayansi huitwa Nezara viridula. Hufyonza maganda machanga ya maharage, na mbegu zikasinyaa. Aliyekomaa ana urefu wa milimita 12 hadi 15, umbo la ngao, papasi zenye pingili tano, na kibamba cha pembetatu mgongoni. Ukingo wa mbele wa kibamba hicho una vidoa vyeupe, kwa kawaida vitatu. Rangi ya kijani peke yake si ushahidi: wapo wenye mabega ya manjano, na katika nchi za baridi kali hugeuka kahawia wakati wa kipupwe.

Tatizo kubwa lipo kwa mtoto wake, yaani tunutu. Huyu ni wa mviringo, mweusi, mwenye madoa meupe na mekundu, wala hafanani na mzazi. Wanafunzi humdhania mdudu kibibi. Baya zaidi, wakishaambiwa kuwa tunutu ni mharibifu, humponda mdudu kibibi, ambaye aina zake nyingi hula vidukari na kumsaidia mkulima. Basi mgeuzeni chali kwa kijiti. Tunutu ana mrija wa kufyonzea uliolazwa chini ya kifua. Mdudu kibibi ana taya za kutafunia. (Kunguni atatoa harufu mbaya, hiyo nayo ni sehemu ya somo.)

Watasema wengine kuwa muda hautoshi. Muda unaopotea katika kunakili michoro unatosha kabisa. Tafuteni mayai upande wa chini wa jani, yaliyopangwa safu safu kama sega la nyuki, mkayatie pamoja na jani lake katika chupa iliyofunikwa kitambaa. Tunutu wakianguliwa hukaa kwanza juu ya maganda ya mayai bila kula. Kisha wapeni maganda mabichi ya maharage. Watajivua ngozi mara tano, na darasa litaona kwa macho yake kwamba weusi na wa kijani ni mdudu mmoja. Kila mwanafunzi aandike tarehe, mmea, upande wa jani, na jina la Kiiraqw atakalopewa na wazee nyumbani. Mwalimu mgeni asione haya kuuliza namna ya kuliandika.